Robert Bosch: Mtoto wa mkulima aliyeitia cheche injini ya dunia

LORI linalotoka Malindi kwenda Adu, katika eneo la Magarini, huvuka Mto Sabaki, kisha huiacha barabara kuu ya Garsen na kushika njia ya vumbi inayoelekea bara. Msimu wa mvua vumbi hilo hugeuka tope, na dereva ambaye injini yake itazima katikati ya vichaka hana wa kumlilia ila utingo wake na fundi aliye mbali.

Fundi akiwasili, iwapo injini ni ya petroli, jambo la kwanza analofanya ni kufungua plagi na kuitazama ncha yake. Iwapo ni ya dizeli, ambayo haiwashwi kwa cheche, ataanza kuikagua pampu inayosukuma mafuta. Katika hali zote mbili huenda akakutana na jina moja lililochapishwa juu ya chuma au juu ya kisanduku cha spea: Bosch.

Wengi wanalijua jina hilo kama jina la bidhaa. Wachache wanafahamu kwamba lilikuwa jina la mtu, mtoto wa mkulima aliyefungua karakana ya watu watatu na hatimaye akaacha alama yake katika magari ya mabara yote. Maisha yake yana mafunzo kwa fundi wa Adu sawa na yalivyo nayo kwa mwenye kiwanda jijini Nairobi.

Mtoto wa kumi na moja

Robert Bosch alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa wa kumi na moja katika familia ya watoto kumi na wawili. Babake, Servatius, alikuwa mkulima aliyemiliki pia nyumba ya wageni ambamo wasafirishaji wa mizigo walipumzika pamoja na farasi wao. Kwa hiyo mtoto huyo alikua akiwaona watu wa safari, magurudumu yaliyovunjika na mizigo iliyochelewa, kabla hajajua kwamba siku moja angeishi kwa kazi ya kuisukuma mizigo hiyo kwa njia nyingine.

Mzee Servatius alikuwa mtu wa vitabu na fikra huru, na aliwataka wanawe wasome. Hata hivyo, Robert hakuvutiwa na masomo ya juu. Mwaka 1876 aliingia uanagenzi wa ufundi wa mitambo midogo mjini Ulm. Miaka mitatu aliyokaa hapo haikumfurahisha, kwani bwana wake hakujishughulisha sana kumfunza. Uchungu huo hakuusahau. Miaka mingi baadaye, mwaka 1913, alipokuwa tajiri, alifungua katika kiwanda chake idara maalumu ya kuwafunza wanagenzi ili vijana wasipoteze muda kama alivyopotezewa wake.

Baada ya kuhitimu alitangatanga kutoka karakana moja hadi nyingine nchini Ujerumani. Mwaka 1884 alipanda meli kwenda Marekani, ambako umeme ulikuwa habari ya mji. Huko New York alifanya kazi katika kampuni zilizohusiana na mvumbuzi Thomas Edison. Aliyaona maajabu ya taa na mitambo, lakini aliyaona pia maisha magumu ya vibarua waliofutwa kazi bila notisi, na akajiunga na chama cha kutetea wafanyakazi kilichoitwa Knights of Labor. Mwaka uliofuata alihamia Uingereza na kuajiriwa na kampuni ya Siemens, kisha akarejea nyumbani.

Karakana ya Stuttgart

Novemba 15, 1886 Bosch alifungua karakana yake mjini Stuttgart. Mtaji wake ulikuwa maki 10,000, sehemu kubwa ikiwa urithi kutoka kwa babake. Wafanyakazi walikuwa fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Walitengeneza kila walicholetewa: simu, kengele za umeme, vyombo vya kupimia. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Kayser.

Mwaka huo wa 1887 ndipo alipoletewa kazi iliyobadili maisha yake. Mteja mmoja alitaka magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa kuiwashia injini bila ya betri. Bosch alitazama kifaa cha namna hiyo kilichokuwa kikitumiwa kwenye injini za kampuni ya Deutz, akakiboresha na kukiuza. Injini za wakati huo zilikuwa kubwa, zilifungwa sakafuni na kuzunguka polepole, zikiendesha mashine za viwandani.

Biashara haikupaa mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mambo yalimwendea kombo hata akalazimika kuwaachisha kazi karibu mafundi wake wote na kuishi kwa mikopo iliyodhaminiwa na jamaa zake. Alizunguka mjini kwa baiskeli kukagua kazi za wateja, jambo lililowashangaza watu kwa kuwa baiskeli yenyewe ilikuwa kitu kigeni. Subira, wahenga walisema, huvuta heri.

Heri ilianza kuonekana mwaka 1897. Mfanyabiashara Frederick Simms aliyekuwa London alimpelekea gari la magurudumu matatu lililotengenezwa na De Dion-Bouton wa Ufaransa, akimtaka alifungie magneto. Injini ya gari hilo ilizunguka kwa kasi kubwa kuliko magneto yoyote iliyokuwapo. Mmoja wa mafundi wa Bosch, Arnold Zähringer, alipata njia ya kuharakisha utendaji wa kifaa hicho. Tangu hapo karakana ya Stuttgart ikawa imeingia katika biashara ya magari.

Kazi ya Honold

Magneto hiyo bado ilikuwa na kasoro. Umeme wake ulikuwa wa nguvu ndogo, na cheche ilipatikana kwa kuachanisha vipande viwili vya chuma ndani ya silinda. Vipande hivyo vilihitaji vyuma vya kuvichezesha, navyo vyuma vililika, vililegea na kupoteza wakati wake. Kadiri injini zilivyozidi kasi, ndivyo matatizo yalivyozidi.

Bosch alimkabidhi kazi hiyo mhandisi kijana aliyeitwa Gottlob Honold, ambaye awali alikuwa mwanagenzi katika karakana hiyo hiyo, akaenda chuoni, kisha akarudi mwaka 1901. Honold aliunganisha magneto na msokoto wa nyaya ulioupandisha umeme hadi nguvu ya juu sana, kiasi kwamba cheche iliweza kuruka yenyewe kati ya ncha mbili zisizogusana. Ncha hizo ziliwekwa katika plagi iliyofungwa kwa nyuzi za skrubu juu ya silinda. Mwaka 1902 mfumo huo ulipata hataza na kuanza kuuzwa, na kampuni ya Daimler ilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo.

Haki isemwe: plagi ya cheche haikuzaliwa Stuttgart. Étienne Lenoir alikuwa ametumia cheche ya umeme katika injini yake ya gesi mwaka 1860, na wengine walijaribu baada yake. Walichofanya Bosch na Honold ni kuifanya cheche hiyo kuwa ya kutegemewa, itoke kila inapohitajika, katika joto na baridi, mlimani na bondeni. Kufikia mwaka 1906 kiwanda kilikuwa kimetengeneza magneto 100,000.

Mwanya mdogo, jambo kubwa

Uvumbuzi wa mwaka 1902 ulileta swali ambalo mafundi wanaulizana hadi leo: ncha mbili za plagi ziachane kwa umbali gani? Jawabu limejificha katika tabia ya hewa. Kadiri mwanya ulivyo mpana na kadiri hewa ilivyoshindiliwa, ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi kuuruka. Mwanya mpana hutoa cheche ndefu inayowasha mafuta vizuri, mradi umeme uwe na nguvu za kuufikia upande wa pili.

Suala hili lilipata uzito zaidi miaka ya 1920, Mercedes ilipoanza kufunga supachaja katika magari yake. Supachaja ni kompresa inayozungushwa na injini yenyewe ili kusukuma hewa ndani ya silinda badala ya kuiacha ivutwe na pistoni peke yake. Mwaka 1924 gari la namna hiyo, likiendeshwa na Christian Werner, lilishinda mashindano ya Targa Florio huko Sicily. Supachaja ikisukuma hewa kwa shinikizo la ziada lililo nusu ya lile la angahewa, hewa inayoingia huongezeka kwa karibu nusu. Nguvu hupanda, na joto hupanda pia.

Mwenye lori la petroli au pikapu iliyofungwa supachaja anapaswa basi kuzingatia mambo mawili. La kwanza ni mwanya. Injini nyingi za petroli za kawaida hutumia mwanya wa karibu milimita 1. Injini iliyofungwa supachaja mara nyingi huhitaji mwanya uliopunguzwa hadi kati ya milimita 0.6 na 0.8, la sivyo hewa nzito huizima cheche wakati dereva anapokanyaga mafuta akipanda mlima na shehena. Dalili yake ni injini kukohoa inapobebeshwa kazi, ilhali ikiachwa bila mzigo inanguruma sawasawa.

La pili ni joto la plagi. Ncha ya plagi inatakiwa kuwa na joto lisilopungua nyuzi 500 hivi za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, na lisizidi nyuzi 850 hivi. Ikipita hapo, ncha huwa kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya wakati, na pistoni inaweza kutoboka. Plagi inayopeleka joto upesi kwenye kichwa cha injini huitwa baridi, na inayolishikilia huitwa moto. Injini yenye supachaja kwa kawaida huhitaji plagi iliyo baridi kwa daraja moja kuliko ile ya kiwandani, na zaidi ya hapo iwapo shinikizo ni kubwa.

Hapa ndipo wengi hukosea dukani, kwa sababu watengenezaji hawahesabu kwa namna moja. Katika plagi za NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi. Katika plagi za kisasa za Bosch na za Champion, namba ikiwa kubwa plagi ni moto zaidi. Anayebadilisha aina kwa kufuata namba tu anaweza kurudi nyumbani na kinyume cha alichokitaka. Urefu wa nyuzi nao lazima ulingane na wa plagi ya zamani, maana iliyo ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni.

Kupima mwanya ni kazi ya subira. Hutumiwa vile vibamba vyembamba vya chuma vyenye namba, na kinachokunjwa ni ule mkono wa nje peke yake. Ncha ya katikati haisukumwi wala haitumiwi kama egemeo, hasa katika plagi za iridiamu na platinamu ambazo ncha zake ni nyembamba kama sindano. Baada ya safari kadhaa plagi hufunguliwa na kusomwa: rangi ya kahawia au kijivu ni njema, masizi meusi huashiria mafuta kupita kiasi au plagi baridi mno, na weupe wenye malengelenge ni onyo la joto la hatari. Kitabu cha mtengenezaji wa injini na cha mtengenezaji wa supachaja ndicho hakimu wa mwisho.

Bosch mwekundu

Utajiri ulipokuja, Bosch hakuyasahau aliyoyaona New York. Mwaka 1906 alianzisha siku ya kazi ya saa 8 katika kiwanda chake, wakati viwanda vingi vya Ujerumani viliwafanyisha watu kazi saa 10 au zaidi. Mwaka 1910 alitoa mapumziko ya Jumamosi alasiri. Aliamini kwamba fundi aliyepumzika na kulipwa vizuri hutoa kazi bora, na wenye viwanda wenzake wakambandika jina la Bosch mwekundu, wakimdhania kuwa msoshalisti.

Si kwamba hakukuwa na msuguano. Mwaka 1913 wafanyakazi wake waligoma, mvutano ukawa mkali, na Bosch aliyejiona kama mzazi wao aliumia rohoni. Alijiunga na chama cha waajiri ambacho awali alikikwepa. Alikuwa mkali pia kwa ubadhirifu. Husimuliwa kwamba aliwahi kuokota kibanio cha karatasi sakafuni, akamwuliza mfanyakazi ni kitu gani, na alipojibiwa jina la kitu hicho, akasahihisha kuwa ni fedha zake zilizotupwa.

Vita na Sabaki

Mwaka 1913 karibu asilimia 88 ya mauzo ya kampuni yalitoka nje ya Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, masoko hayo yalifungwa kwa usiku mmoja. Uingereza nayo iligundua kwamba ilikuwa ikitegemea magneto za adui wake, na ililazimika kuharakisha kuanzisha viwanda vyake.

Mwezi huo huo, huku kwetu, serikali ya kikoloni ilikuwa ikipambana na Wagiriama. Waingereza walitaka vibarua na kodi, na kuwahamisha waliokuwa kaskazini mwa Sabaki, upande ambao Adu iko. Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu kupinga, Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, na nyumba nyingi zikateketezwa. Afisa aliyewasimamia Wagiriama aliitwa Arthur Champion. Mafundi wa leo wanalijua jina hilo kama la plagi, ingawa plagi hizo zilitokana na mwanabaiskeli Mfaransa, Albert Champion, asiyehusiana kabisa na habari hizi.

Magari yaliyofika katika vita vya Afrika Mashariki yalikuwa machache, na mengi yalikwama katika tope. Mizigo ilibebwa kwa vichwa vya wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yanawakumbusha watu hadi leo. Pale ambapo cheche haikufika, shingo ya Mwafrika ndiyo iliyofanya kazi ya injini.

Bosch mwenyewe alikerwa kwamba alikuwa akitajirika kutokana na vita, na alitoa mamilioni ya maki ya faida hiyo kwa miradi ya umma, ukiwemo mpango wa kuufanya Mto Neckar upitike kwa meli. Mwaka 1918 kampuni yake ya Marekani ilitwaliwa na serikali ya nchi hiyo na kuuzwa. Mwaka huo huo Honold alichora nembo inayotumika hadi sasa: kiini cha magneto ndani ya duara.

Dizeli na dhoruba

Msiba ulimfuata nyumbani. Mwaka 1921 mwanawe wa kiume, aliyetarajiwa kumrithi, alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Honold alifariki mwaka 1923. Ndoa yake na Anna ilivunjika mwaka 1927, naye akamwoa Margarete Wörz, ambaye alimzalia watoto wawili.

Mwaka huo wa 1927 kiwanda kilianza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma mafuta ya dizeli. Wengi wangeona ajabu kwa mtu aliyetajirika kwa cheche kuisaidia injini isiyohitaji cheche. Bosch aliona kwamba malori yangeelekea huko, na hakutaka kuachwa. Malori mengi ya dizeli yanayobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni ni wajukuu wa uamuzi wa namna hiyo.

Miaka yake ya mwisho iligubikwa na utawala wa Adolf Hitler. Bosch aliuchukia, akafadhili misaada kwa Wayahudi waliokuwa hatarini, na mwaka 1937 kampuni yake ikamwajiri Carl Goerdeler, aliyekuja kuwa kiongozi mmojawapo wa waliopanga kumpindua Hitler. Msaidizi wake mkuu, Hans Walz, alitambuliwa na Israeli mwaka 1969 kwa kuokoa Wayahudi. Hata hivyo, kiwanda hicho hicho kilitengeneza zana za vita, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kiliwatumikisha kwa nguvu watu wapatao 20,000. Sehemu hii ya historia haifutiki kwa wema wa upande wa pili, na msomaji anapaswa kuyashika yote mawili.

Robert Bosch aliaga dunia Machi 12, 1942 mjini Stuttgart, akiwa na umri wa miaka 80. Serikali aliyoichukia ndiyo iliyompa mazishi ya kitaifa. Kulingana na wasia wake, sehemu kubwa ya hisa za kampuni ilikuja kumilikiwa mwaka 1964 na wakfu unaotumia gawio lake kwa elimu, afya na maelewano kati ya mataifa. Hospitali aliyoifungua Stuttgart mwaka 1940 ingali inatibu wagonjwa.

Mwendazake alishikilia kwamba ni heri kupoteza fedha kuliko kupoteza imani ya mteja. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, lakini sheria haisafiri ndani ya kila lori. Plagi bandia yenye nembo ya duara huweza kununuliwa kwa bei ya kutupa, ikafungwa bila ya kupimwa, na ikaangusha injini nzima katikati ya njia ya Adu usiku wa mvua. Fundi anayeipima, anayekataa iliyo na shaka na kumweleza mwenye gari sababu yake, huenda akapoteza shilingi chache siku hiyo. Dereva atakayefika salama atamtafuta tena, na asiyeziba ufa, wazee walishasema, hujenga ukuta.